Mgonjwa Asiye na Plasta

Dada yangu ni fundi cherehani, na kaolewa nyumba ambayo watu wake hawaamini wasichokiona. Alipotolewa uvimbe uliokuwa chini ya ubongo ukiikandamiza mishipa ya macho, madaktari hawakumpasua kichwa. Walipitisha kamera nyembamba na vifaa vyao puani, wakautoa vipande vipande, kisha wakaziba tundu kwa ndani. Siku ya sita akarudi kwa miguu yake, nywele zote kichwani, uso hauna hata mchubuko. Ndilo likawa kosa lake.

"Hata plasta hana," mama mkwe wake alimwambia jirani, nami niko jikoni nasikia kila neno. "Siku hizi hata mafua watu wanalazwa!"

Nilikuwa nimekuja kumuuguza, nikageuka mlinzi. Masharti niliyabandika ukutani kwa herufi kubwa: wiki sita asiiname, asipenge kamasi, asinyanyue kizito. Kiraka cha ndani kikifumuka, maji yanayouzunguka ubongo yatavuja puani, na vijidudu vitapata njia ya kupanda juu. Niliyasoma, nikayaeleza, nikayarudia mpaka koo likanikauka. Shemeji aliitikia kwa kichwa, macho kwenye simu. Mama yake hakuitikia kabisa.

Wiki ya pili nilitoka kufuata dawa. Niliporudi nilimkuta dada amepiga magoti sakafuni, pini mdomoni, kichwa chini, anapima upindo wa gauni. Aliyesimama ndani ya gauni ni mama mkwe.

"Dada! Inuka!"

"Bado kidogo tu," alijibu, meno yamebana pini. Fundi akishaanza upindo haachii katikati, gauni litakwenda upande. Ugonjwa huo hakuna daktari atakayeutoa, si puani si popote.

Alipoinua uso, tone likadondoka kwenye kitambaa, jeupe kama maji ya kunywa. Likafuata la pili.

"Si nilisema mafua?" Mama mkwe akamnyooshea leso. "Penga, mwanangu."

Niliipokonya ile leso. Sijawahi kumvunjia heshima mtu mzima kiasi kile, na mpaka leo sijaomba radhi.

Hospitali waliyapima yale maji, yakawa ndiyo yenyewe. Wakaingia tena puani, na safari hii wakachukua mafuta kidogo tumboni mwake kuzibia panapovuja. Akatoka na bendeji ya upana wa kiganja karibu na kitovu.

Nyumbani, alipokuwa akiketi, blauzi ilipanda na bendeji ikaonekana. Mama mkwe akashika mdomo. Akamtandikia kitanda kwa mikono yake, akawafukuza watoto uani, akamletea uji.

"Pole, mwanangu," alisema, machozi yanamlenga. "Kumbe unaumwa kweli! Tumbo si mchezo."

Nilifungua mdomo nimwage yote yaliyonijaa. Dada akanibana mkono.

"Mwache," alininong'oneza. "Angalau sasa nitalala."