Mkono wa Golikipa wa Wabera

Dawa ya kuchua misuli ina harufu inayomtangulia mwenyewe. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa, nimefuata dawa ya kikohozi ya mtoto, na mzee mmoja mbele yangu akafungua kopo ahakikishe kama ndiyo ile aliyoizoea. Harufu ikanifikia, kali, ya kutoa machozi. Niliondoka pale bila kununua chochote. Siku hizi mimi ni mama wa mtu, na wateja dukani kwangu hunisalimu kwa heshima, lakini harufu ile ikinipata narudi kuwa msichana wa miaka kumi anayejua jambo ambalo Wabera nzima, mtaa wetu wa Isiolo, hailijui. Sijawahi kulisimulia. Nyinyi ndio wa kwanza, basi nisikilizeni vizuri na msinicheke kabla sijamaliza.

Ilikuwa wiki ya fainali ya vilabu vya kaunti. Timu ya mtaa wetu haikuwa imewahi kufika fainali. Kila mwaka ilitolewa mapema, watu wakasema refa amekula kitu, maisha yakaendelea. Safari ile ilifika, na Jumamosi ingekutana na Rapsu, vijana wa mashamba ya mifereji karibu na Kinna, wenye mapaja yaliyojengwa na kulima. Mshambuliaji wao aliitwa Jembe. Jumatatu tulisikia kwamba Jembe aliwahi kutoboa wavu. Jumatano ilisemekana alivunja mlingoti wa goli. Kufikia Ijumaa, kinyozi wetu alikuwa anaapa kwamba kuna golikipa aliyedaka shuti la Jembe akalala siku tatu bila kujua jina la mama yake.

Mnaweza kudhani mashabiki wanaongoja fainali ni watu wenye furaha. Sisi tulikuwa na hofu, tena hofu ya aibu, ya watu waliokwisha kujigamba mbele ya majirani. Waendesha boda walifunga vitambaa vya kijani kwenye vioo, akina mama walipika mapema ili wakapige dua, na kinyozi alitangaza kwamba mtu yeyote atakayeleta mkosi wiki ile atahamishwa Wabera na vyombo vyake. Watu wazima walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mkosi wenyewe ulikuwa nyumbani kwetu, na mimi ndiye niliyeufunika.

Golikipa wa Wabera alikuwa kaka yangu Halkano. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, mpole, na mashabiki walimwita Sumaku kwa jinsi mpira ulivyonata mikononi mwake. Kulikuwa na desturi juu yake ambayo hakuna aliyekumbuka vizuri ilivyoanza. Nadhani kabla ya robo fainali muuza maji mmoja alimpa mkono, tukashinda, akarudia kwenye nusu fainali, tukashinda tena. Basi ikawa lazima. Kila shabiki alitaka kushika mkono wa golikipa kabla ya mechi, na kwa kuwa hii ilikuwa fainali, walianza wiki nzima kabla. Ulikuwa mkono wa kulia, bila shaka, maana kwetu mkono wa kushoto haupewi mtu. Na kama hujawahi kusalimiwa na mzee wa Kiborana, jua kwamba hagusi tu akaachia. Anaushika mkono wako, anauliza habari za nyumba, za mifugo, za mvua, na hauachii mpaka majibu yaishe.

Jumapili jioni Halkano alirudi kutoka soko la mifugo, alikokwenda kumsaidia baba kushusha wanyama kwenye lori. Alipita uani akipiga mluzi. Baba alikuwa nyuma yake anazungumza kwenye simu, mama alikuwa jikoni akifukiza vibuyu vyake kwa moshi, maana aliuza maziwa ya ngamia. Kaka zangu wengine wawili walikuwa wamekaa mlangoni. Halkano aliwapita wote, akaniita nyuma ya jiko.

"Darmi, kuja hapa. Ona hii."

Alikunja mkono wa shati. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimevimba mpaka mfupa wa pembeni haukuonekana, na ngozi imekuwa ya zambarau.

"Ndume imenibana kwa vyuma ya lori," akasema. "Nasikia kama kitu imevunjika ndani. Usiambie mtu."

Hapa inabidi niwaambie kitu kuhusu mimi. Jina langu nyumbani lilikuwa Redio. Hakuna habari iliyoingia kwenye sikio langu ikalala humo. Ni mimi niliyemwambia mama kwamba baba amenunua simu mpya, na ni mimi niliyewaambia majirani kwamba harusi ya binamu yetu imeahirishwa kabla bwana harusi hajajua. Kwa hiyo kaka yangu aliponiambia nisimwambie mtu, niliona ni heshima ambayo sijawahi kupewa na yeyote. Kifua changu kilijaa.

"Wallahi sitasema," nikamwambia.

Akanitazama kwa muda. "Si lazima uape."

"Wallahi billahi," nikaongeza, ili ajue mimi sasa ni mtu mzima.

Akashusha mkono wa shati polepole, akaenda chumbani.

Tangu hapo sikulala vizuri. Nilikuwa nimefunzwa madrasa kwamba kiapo si mchezo, na niliiona adhabu yake kila nilipofumba macho. Lakini nikinyamaza, Halkano angesimama mbele ya Jembe na mkono uliovunjika. Timu ilikuwa na golikipa wa akiba, Ekai, kijana mfupi wa Kiturkana, mtoto wa fundi viatu, aliyeruka vizuri kuliko urefu wake. Neno moja tu kutoka kwangu na Ekai angecheza. Neno hilo hilo, tukifungwa, lingekuwa langu milele. Nilituona tumefungasha magodoro juu ya mkokoteni, tunahama, na kinyozi amesimama barabarani anatuhesabia vyombo.

Jumatatu Halkano alisema amefunga sunna. Kwa hiyo hakuna aliyemwona akila mchana, na mama alimsifu sana mbele ya majirani kwamba kijana anatafuta ushindi kwa Mungu. Jumanne alikula wali kwa kijiko, akidai kwamba wachezaji wa Ulaya hufanya hivyo. Mwalimu wa timu alimwona mvivu mazoezini akasema basi, apumzike, nguvu azitunze. Mkono aliufunga kwa kitambaa cha kijani, akakaza. Na hapa ndipo mtajua Wabera ni watu gani. Jumatano asubuhi nilikuta waendesha boda wanne wamefunga vitambaa vya kijani kwenye mkono wa kulia. Alhamisi, muuza mboga na kinyozi. Kufikia Ijumaa mtaa mzima ulikuwa umefungwa bendeji bila kujua, na mama akanifunga mimi pia, fundo zuri, akasema nimependeza. Nililia, akadhani ni furaha.

Kila alasiri nilimchua Halkano kwa dawa ile kali, mlango tumeufunga, yeye ameuma ncha ya shuka. Kisha angeniuliza, "Umeambia mtu?"

"Hapana!"

"Hata mama?"

"Hata mama."

"Sawa," angesema, na kushusha pumzi. Nilidhani amepata nafuu.

Barabarani ndiko nilikoteseka zaidi. Nilimfuata kila alikokwenda, na kila mtu aliyenyoosha mkono nilimchukia. Wanafunzi walimshika mkono, mchinjaji akauminya, dereva wa lori akautikisa kama anapampu tairi. Halkano alitabasamu. Mimi peke yangu niliona vidole vya miguu vikijikunja kwenye ndara.

Alhamisi, darasani, mwalimu wa Kiswahili aliandika ubaoni: mficha maradhi, kifo humuumbua. Akaniita mimi nieleze maana, kwa kuwa nilipenda kusema. Nilisimama. Nilielewa kila neno, na nilielewa kwamba kaka yangu atakufa. Nikakaa bila kujibu. Mwalimu akasema leo mvua itanyesha Isiolo, Darmi amekosa maneno, na darasa likacheka.

Ijumaa baada ya swala, wazee walikusanyika kwenye uwanja wa shule kuibariki timu. Mzee Boru, aliyekuwa mkubwa kuliko wote, alinyunyizia wachezaji maziwa kwa majani mabichi, akaomba amani, na sisi tukaitikia, "Nagaa," yaani amani. Kisha akaenda kwa Halkano, akamshika mkono. Hakuuachia. Aliuliza habari za baba, za mama, za mbuzi, za ngamia wa mjomba. Alipomaliza akaweka na mkono wake wa pili juu, akaukandamiza, akaanza dua nyingine. Jasho lilianza kumtoka Halkano kwenye paji la uso, kisha puani.

"Ona!" mwanamke mmoja nyuma yangu akasema. "Baraka inamwingia."

Juu ya bega la mzee, kaka yangu alinitafuta kwa macho mpaka akaniona. Macho yake yalikuwa makubwa. Nilifikiri ananionya ninyamaze, nikabana midomo kwa vidole, kumwonyesha kwamba asiwe na wasiwasi, niko imara.

Jioni ile mama aliniita, akanishika kidevu.

"Wewe Darmi, siku tano hii nyumba imenyamaza. Nini inakuuma?"

Nawaambia ukweli, neno lilifika kwenye meno. Mama alikuwa ananukia moshi na maziwa, na nilitamani kulia kwenye leso yake na kumwambia, mama, mkono wa Halkano umevunjika. Ningelimaliza kwa pumzi moja tu.

"Jino," nikasema.

Akanijazia karafuu mdomoni mpaka ulimi ukafa ganzi, akanifunga kitambaa kichwani hadi kidevuni, fundo juu kama masikio ya sungura. Nikaambiwa nisizungumze mpaka kesho.

Ya fainali sina mengi. Watu walijaa mpaka juu ya kuta na malori. Mimi nilitazama chini, nikihesabu viatu vya mtu aliyekuwa mbele yangu, ambavyo vilikuwa viwili kila nilipohesabu. Tulifunga bao kipindi cha kwanza. Karibu na mwisho kelele zikakatika ghafla, nikainua macho, na Jembe alikuwa peke yake mbele ya kaka yangu. Alipiga upande wa kulia. Halkano angeweza kuruhusu lile bao, na hakuna ambaye angemlaumu. Alirusha mkono ule ule. Mpira ukatoka nje, na hata kwenye kelele ile yote mimi nilijua amepiga ukelele, kwa kuwa nilimwona mdomo.

Tulishinda. Wabera ilimwagika uwanjani, wakambeba juu, na kila mtu akauvuta mkono.

Hospitalini walisema mfupa ulivunjika wiki moja nyuma, na Jumamosi ukavunjika zaidi. Baba alimwuliza mbona hukusema, naye akaangalia ukuta. Uliunga vibaya. Mwalimu mmoja wa klabu ya Nairobi aliyekuwa amemwahidi majaribio alipiga simu mara mbili, kisha hakupiga tena. Halkano hakudaka tena. Leo anauza vipuri vya pikipiki mjini, na watu wakimsalimu wanakutana na mkono ulionyooka ambao haufungi ngumi. Bado wanaushika kwa heshima.

Mimi miaka yote hiyo nilijisifu moyoni. Nilijua nimeumia kwa ajili yake, na kwamba katika nyumba nzima ni mimi niliyetunza siri yake. Kisha mwaka jana nilijifungua. Halkano akaja kumwona mtoto, nikamwekea mapajani, na kile kiganja kikakataa kupinda kushika kichwa chake kidogo. Akakishikilia kwa mkono, juu ya kifundo, akicheka kwa haya. Machozi yakanitoka.

"Ningesema," nikamwambia. "Ile wiki. Karibu niseme kwa mama."

Hakuinua macho kutoka kwa mtoto.

"Mimi nilikuwa nangoja useme, Darmi," akasema, taratibu, bila lawama yoyote. "Kila siku nilikuuliza."

Alipoondoka nilikaa na mtoto mpaka chai ikapoa, nikimwona tena akiwapita baba, na mama, na kaka zangu wawili ambao usingewatoa neno hata kwa koleo, akija moja kwa moja kwangu. Alikuwa na miaka kumi na tisa na aliuogopa mtaa mzima. Hakuweza kulitamka neno lile kwa kinywa chake, akaazima changu, na hiyo ndiyo wiki pekee maishani mwangu niliyokifunga.