Kigari cha Mzee Kufuli

Fundi seremala tunayemzungumzia hapa alikuwa na makufuli saba. La mlango wa karakana, la dirisha, la kabati la patasi, la droo ya misumari, mengine siyataji, na la saba lilikuwa la kikopo cha penseli. Ndiyo, penseli. Wateja walimpa jina la Mzee Kufuli, naye alipolisikia mara ya kwanza hakukasirika. Aliuliza tu ni nani aliyeyahesabu makufuli yake, na alikuwa anatafuta nini.

Tusimwonee. Ujanani alifanya kazi na mwenzake waliyekula naye sahani moja miaka minne. Asubuhi moja akakuta mwenzake hayupo, na sanduku zima la vifaa halipo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kufuli alikwenda mbali zaidi: aliuona ung'ongo, akaufungia kabatini, akawa anaukagua kila asubuhi.

Kitu kimoja tu hakukishuku kamwe, nacho ni pimamaji yake, kile kifaa cha kupimia usawa. Ilikuwa ya chuma, ndefu kama mkono wa mtu, uso mmoja umepakwa rangi nyekundu, na mwishoni ina tundu la kutundikia. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Alikuwa akisema binadamu wote ni waongo, ila lile tone la hewa ndani ya kioo halijajifunza.

Karakana alishirikiana na shemeji yake, mdogo wa kiume wa mkewe, fundi wa viti, mtu wa maneno machache na miluzi mingi. Walikuwa pamoja miaka tisa, na katika miaka hiyo tisa shemeji hakukabidhiwa ufunguo hata mmoja. Akiwahi kufika, alikaa kwenye ngazi akipiga mluzi, akingoja afunguliwe. Hata huo mluzi Kufuli aliushuku. Mtu mwenye moyo mweupe, alimwambia mkewe, hapigi mluzi asubuhi.

Ikatokea mti mkubwa wa uani kwa mama mkwe ukaanguka wenyewe. Ulipopasuliwa, likapatikana pande moja tu zima, refu na pana, unene wake vidole vitano. Mengine yote yalikuwa na nyufa. Mama akawaita mkwewe na mwanawe, akasimama juu ya lile pande na viatu vyake.

"Nataka meza," alisema. "Watoto wangu sita wanakuja mwisho wa mwezi, na safari hii wote watakaa pamoja, si wengine mezani na wengine sahani mapajani. Na isicheze! Maisha yangu yote nimekula kwenye meza yenye karatasi iliyokunjwa chini ya mguu. Tena iwe nene, vidole vitatu, isije ikapinda nikiiegemea. Mtaitengeneza nyote wawili. Nikisikia mmoja kaifanya peke yake, mimi nitakula chini."

Pande hilo lilikuwa na upana ambao hakuna mashine ya randa waliyoijua ingeweza kuumeza. Kwa randa ya mkono wangesugua mpaka wajukuu waoe. Shemeji ndiye aliyeleta wazo la kigari. Alimwonyesha Kufuli video kwenye simu, na Kufuli akaitazama mara kumi na moja, akitafuta mahali walipomdanganya. Hakupaona. Hilo nalo halikumfurahisha.

Jambo lenyewe si la ajabu. Unalaza pande juu ya meza ya kazi. Kulia na kushoto unasimamisha reli mbili za mbao ngumu, zilizonyooka, ndefu kupita pande lenyewe. Juu ya reli unakalisha kigari: kisanduku kirefu cha plaiwudi kisicho na mfuniko, chenye ufa katikati ya sakafu yake. Ndani ya kigari inakaa ruta, ile mashine ya mkono yenye kisu kinachozunguka, na kisu kinachungulia chini kupitia ule ufa. Unasukuma ruta kwenda, unairudisha, unasogeza kigari mbele kidogo, unarudia. Kila kilichoinuka kinakatwa. Kigari hakiujui mti, kinazijua reli tu. Reli zikiwa sawa, mti utakuwa sawa. Reli zikisema uongo, mti utaurudia neno kwa neno.

Shemeji alikata plaiwudi, Kufuli akaipima upya. Shemeji alikaza skrubu, Kufuli akazilegeza na kuzikaza tena. Shemeji alipaka reli nta ya mshumaa ili kigari kiteleze, Kufuli akaunusa mshumaa. Lakini kazi ya kusawazisha reli hakumwachia mtu. Upande wa ukutani alizikalisha zote mbili juu ya vipande vya mbao vya kimo kimoja. Ncha za upande wa mlangoni ndizo alizoziinua na kuzishusha kwa vibanzi, mpaka tone likatulia katikati. Alianza na reli ya dirishani, ule uso mwekundu wa pimamaji ukimtazama. Kisha akazunguka meza, akapima reli ya kabatini, uso mwekundu ukimtazama tena. Ndivyo alivyopima siku zote, amekabiliana nayo kama shahidi anayehojiwa.

Wakawasha ruta. Maranda yaliruka mpaka kwenye nyusi zao, na uso wa pande ukatoka laini, mistari ya mti ikijitokeza mmoja mmoja. Hata Kufuli alitabasamu, kwa tahadhari. Wakalibeba, wakaligeuza kifudifudi kwenye kipande cha sakafu karibu na mlango, kile kilichosakafiwa vizuri, ambapo kila meza hujaribiwa kabla ya kutoka. Kufuli akabonyeza pembe moja.

Ko-ko.

Akabonyeza ya pili. Ko-ko. Pande lilikuwa limesokota, pembe mbili zinazokabiliana ziko juu. Na unene ulikuwa umebaki vidole vinne.

"Reli zimeguswa," alisema Kufuli.

"Na nani?" shemeji aliuliza. "Hapa tuko wawili."

"Ndiyo," alisema Kufuli, akimkazia macho. "Tuko wawili."

Siku hiyo alizipima reli upya, na kabla ya kufunga akaweka mitego. Alichora mistari ya penseli kwenye kila kiungo, akanyunyiza vumbi la mbao, na juu ya reli ya dirishani akalaza udevu wake mmoja mwenyewe. Asubuhi mistari ilikuwa palepale, vumbi palepale, na udevu umelala kama alivyouacha. Mtu mwingine angeshusha pumzi. Kufuli alizidi kuogopa. Mwizi mjinga huacha alama, aliwaza. Huyu wangu ni hodari mno, amerudisha hata udevu. Wakakata tena. Ko-ko. Vidole vitatu na nusu.

Siku ya tatu msasa ukaisha, ikabidi aende dukani. Alilaza udevu mwingine juu ya reli, akamfungia shemeji ndani, akaondoka. Aliporudi, udevu haukuwepo, na chini ya reli ya dirishani, kwenye ncha ya mlangoni, palikuwa na kabari nyembamba, mpya, bado inanuka msumeno. Akaweka pimamaji juu ya reli. Tone lilikuwa limekimbilia pembeni.

Nitasema kweli: alifurahi. Miaka tisa alikuwa amebeba shaka yake bila ushahidi, na leo ushahidi ulikuwa unashikika mkononi.

"Shemeji," alisema, "hii kabari imeota?"

"Nimeiweka mimi."

"Bila kuniuliza?"

"Hukuwepo. Ulikuwa umenifungia ndani."

"Tazama pimamaji! Reli ilikuwa imetulia kama maji mtungini, sasa angalia tone liko wapi!"

"Achana na tone, shemeji. Inama hapa, funga jicho moja, uzitazame reli zote mbili kwa pamoja. Hii ya dirishani..."

"Nifunge jicho!" Kufuli alipiga kofi meza ya kazi. "Ndicho unachokitaka, nifunge jicho! Kikulacho ki nguoni mwako, kweli. Unalichezea pande la mama yako ili aone mkwewe hajui kazi. Unataka meza iwe yako peke yako."

Shemeji alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye stuli yake.

"Nifungulie mlango," alisema.

Kufuli akamfungulia. Yule bwana akaenda zake, na safari hii hakupiga mluzi. Kufuli alizungusha ufunguo kufunga, akautikisa mlango mara mbili.

Kabari akaitupa kwenye gunia la maranda. Reli akazipima upya, tone katikati huku, tone katikati kule, akakata peke yake siku nzima. Siku iliyofuata ilimbidi amwite mkewe amsaidie kulibeba pande, maana mtu mmoja halimudu. Mkewe alikuja. Mdogo wake hakuwa na siri kwake. Alikuwa ameshasikia yote. Wakaligeuza. Kufuli akabonyeza pembe.

Ko-ko.

Akapima unene: vidole viwili na chembe. Akazungukia makufuli yake yote saba, na yote yalikuwa yamefungwa. Karakanani hamkuwa mmeingia mtu ila yeye. Aliogopa sasa, tena woga wa kweli. Mti ulikuwa unaisha, mama angekula chini, na hakubaki mtu wa kulaumu.

"Tunapima tena," alisema. "Shika pimamaji, mama watoto, iweke pale kwenye reli ya kabatini. Taratibu."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza mkewe kuigusa. Alisimama alipo, upande wa dirishani, akainyoosha kuvuka meza ya kazi, akailaza juu ya reli ya mbali. Uso mwekundu ulimwelekea yeye mkewe.

"Umeigeuza!" Kufuli alipiga kelele kutoka ng'ambo. "Uso mwekundu uje kwangu!"

"Kama ni ya kweli," mkewe alisema, "kugeuzwa kunaidhuru nini?"

Kufuli akaliona tone. Reli haikuguswa, alikuwa ameisawazisha mwenyewe jana yake, na tone lilikuwa limebanana mwisho wa kioo. Akaigeuza pimamaji kwa mkono wake: tone katikati. Akaigeuza tena: tone mwisho. Mara tatu, mara nne. Pimamaji ilikuwa inadanganya, na kwa kuwa yeye huzunguka meza akiitaka imtazame usoni, iliidanganya reli moja kwenda juu na ya pili kwenda chini.

Na hapo akakumbuka. Miaka miwili nyuma, akipachika mlango kwa mteja, pimamaji ilimponyoka kutoka juu ya ngazi ikaangukia zege kwa ncha yake. Alishuka mbio, akatazama kulia, akatazama kushoto. Hakuna aliyeona. Akaifuta kwa shati, akairudisha kwenye ala yake, na hakuliwaza tena jambo hilo. Mtu anayemshuku kila anayepiga mluzi alikuwa amejiona kwa macho yake mwenyewe, na akajinyamazia.

"Nyani haoni kundule," alisema mkewe, lakini kwa upole, akimpangusa vumbi begani. "Nenda kwa shemeji yako."

Alimkuta shemeji uani kwa mama, anasuka kiti kivulini. Kufuli aliiweka pimamaji mbele yake, juu ya tofali, akaigeuza mara moja tu. Shemeji alitazama tone likikimbia, hakushtuka.

"Ulijua?" Kufuli aliuliza.

"Nilishuku tangu siku ya pili. Uliponifungia ndani nilivuta nyuzi mbili juu ya reli, kutoka pembe hadi pembe, zikaachana katikati. Kabari ilikuwa ya kuziba ile nafasi."

"Na mbona hukuniambia ni pimamaji?"

Shemeji alikaza ukili, akaukata kwa meno. "Ningekwambia pimamaji yako ni mbovu, shemeji, ungesema ni nani aliyeiharibu?"

Kufuli alikuwa na jibu, naye alijua kwamba shemeji analijua. Lilimchoma kuliko tusi.

"Nisamehe," alisema. "Ningekutaja wewe."

Walirudi pamoja. Mlangoni Kufuli alitoa ufunguo, akausimamisha mkononi kidogo, kisha akampa mwenzake afungue. Wakapekua gunia la maranda nusu saa wakitafuta kabari, wakaipata, wakairudisha chini ya reli ya dirishani. Walivuta nyuzi mbili, wakafunga jicho moja kila mmoja, wakakata kidogo mno, kwa roho juu. Pande lilipolala sakafuni, Kufuli alibonyeza pembe zote nne. Akazibonyeza tena. Halikucheza. Lakini lilikuwa limebaki vidole viwili kamili, ikabidi shemeji atie mbao mbili za kulibeba kwa chini lisije likapinda.

Mwisho wa mwezi watoto wote sita walifika. Mama aliizunguka meza mara moja, akaiegemea kwa uzito wake wote, akaitikisa. Ilikaa kimya. Kisha akalaza vidole vitatu ukingoni, kimoja juu ya kingine, na cha tatu kikaning'inia hewani.

"Nilisema vitatu," alisema. "Kidole changu cha tatu kiko wapi?"

Shemeji alikuwa ameshaanza kusema kitu kuhusu mti, kwamba upande mmoja ulikuwa na ugonjwa.

"Mti ulikuwa mzima," Kufuli alimkatiza. "Kidole hicho nimekila mimi, mama."

Mama akamsogezea kiti.