Kompyuta Iliyozimwa kwa Maombi

Sauti ya marehemu mama ilikuwa ndani ya kompyuta yangu ya mezani, mtumba wa soko la Nakivubo, na kwingine kokote haikuwepo. Mama alizikwa Bukavu nami nikiwa mkimbizi hapa Kampala, kwenda siwezi. Sasa Windows imekataa kuwaka na diski inagonga ko, ko, ko.

Fundi wa mtaa wa Kisenyi alinieleza polepole. Diski inakufa, na Windows ikijaribu kujitengeneza itaandika juu ya mafaili na kuyamaliza. Kwa hiyo aliingia kwenye BIOS, ile programu inayoamsha mashine kabla ya kitu kingine, akaiamuru iiache diski na kuwasha Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, kutoka kwenye flashi. Linux ingesoma tu. Lakini betri ndogo ya ndani ilikuwa imekwisha. Umeme ukikatika, BIOS inasahau yote na kurudi kwenye diski. Linux ikawaka. Akaniambia nisiguse kitu, akatoka kutafuta betri.

Nilibaki na mama mdogo, anayemfuata mama kuzaliwa. Kwetu hatuombi Mungu huku kitu kinanguruma: simu, redio, vyote huzimwa kwanza. Fundi alipotoka tu, akasema tuombe. Nikafumba macho, nikasikia ta! Alikuwa amezima swichi ya ukutani.

Weh! Kwa kiherehere nikaiwasha tena. Mashine ikakimbilia diski, Windows ikaanza kujitengeneza. Fundi akaingia, akachomoa waya. Nikamgeukia mama mdogo, nikampa maneno ambayo mtu hampi mzazi wake. Akajiziba mdomo kwa kitenge.

Betri ikawekwa, BIOS ikapewa amri upya, Linux ikarudi. Rekodi zilikuwa nyingi, ilipona moja. Fundi akainakili kwenye flashi nyingine, akaifungua. Mama alikuwa ananisimulia nilivyozaliwa, mvua ilivyonyesha, mkunga alivyochelewa. Akacheka kidogo, kisha akasema:

"Basi, mwanangu. Zima hiyo kitu, tuombe."

Siku ile nilimtii, ndiyo maana rekodi inaishia hapo. Mama mdogo alikuwa analia, macho ameshayafumba, mikono ameiweka mapajani mbali na kila kitu. Nilimuuliza fundi kama faili liko salama kwenye flashi. Akaitikia kwa kichwa. Nikanyoosha mkono mwenyewe, nikazima swichi.