Maji ya Greda

Wakati huo Waingereza walikuwa wanakaribia kufungasha virago, na mimi nilikuwa dereva wa greda katika barabara ya udongo ya Masasi hadi Newala. Msiione kazi ndogo! Nikipita kwetu Lulindi watu wanaacha majembe kunitazama, nami kichwa kinanivimba. Nilikuwa mjinga mwenye kofia.

Msimamizi wetu, mzee asiyependa maneno mengi, alituonya kabla ya masika: mvua za kwanza zikinyesha, barabara ni laini, usilaze chini kisu cha greda, lile bapa la kukwangulia. Kiinue vidole viwili kikwangue tope la juu tu, ardhi ya chini iachwe ijishindilie. Ukikibana kitazama, kitang'oa barabara yenyewe. Nikaitikia, "Ndiyo, mzee." Lakini mvua ya kwanza iliponyesha, bwana mkubwa wa barabara, Mzungu, alikuwa aje kukagua kesho yake, nami nilitaka aikute imenyooka kama meza. Basi nilipofika juu, karibu na Newala, nikakibana kisu.

Kikazama kweli. Tope zito, pamoja na barabara iliyokuwa chini yake, likamwagikia pembeni mafungu kwa mafungu. Na pembeni hapo palikuwa na shimo la maji la mama mmoja.

Asiyezijua nchi za Wamakonde ajue kwamba kule juu maji ni shida. Mchanga unakunywa mvua yote. Maji yako chini bondeni; mwanamke anaondoka alfajiri na mtungi kichwani, akirudi jua limeshapanda. Kwa hiyo wengine walichimba mashimo kando ya barabara, wakayakandika udongo wa mfinyanzi walioupandisha kutoka huko huko bondeni, ili mvua ikitiririka barabarani iingie humo. Huyu mama alikandika lake kiangazi kizima. Mvua ya kwanza ikalijaza, mimi nikalifukia.

Na niliona. Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba sikuona, lakini niliona maji yanang'aa mbele yangu. Ningeinua kisu, mstari wangu ungeharibika. Nikajitia hamnazo.

Mama mwenyewe akatoka mbio nyumbani kwake pale kando, mikono kichwani. "Mama yangu wee! Maji yangu!"

Nikasimamisha mashine. Hakunitukana. Laiti angenitukana! Nikamwamkia, "Shikamoo, mama," akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kama vile nimekuja kumtembelea. Akaniambia binti yake amejifungua jana na damu bado inamtoka. Yuko naye peke yake. Akishuka bondeni, mzazi atabaki nusu siku bila mtu, na maji ya kumwosha yeye na kichanga hana. Ndani amebakiwa na kibuyu kimoja.

"Naona una pipa hapo nyuma," akasema. "Nigaie ndoo moja tu, baba."

Yalikuwa maji safi. Nilikuwa nimeyajaza Masasi asubuhi ile, ya kupozea injini kwenye rejeta na ya kunywa mwenyewe, na ndoo moja isingenipunguzia kitu. Lakini aibu ya lile shimo ilikuwa imeshanigeukia hasira. Nilitaka aondoke tu mbele ya macho yangu.

"Hayo yana dawa ya injini, mama. Ni sumu."

Akashtuka, akarudi nyuma hatua mbili. "Asante kwa kuniambia, mwanangu. Ningemuua mjukuu wangu."

Lo! Nilitamani ardhi ipasuke. Nikapanda haraka nijiondokee, na magurudumu yakazama palepale nilipopachimbua. Nikashuka na koleo. Nilichimba hadi adhuhuri, jasho linanitoka, ulimi umekuwa mkavu, na pipa liko hatua tatu kutoka kwangu. Sikuweza kuligusa. Yeye alikuwa ameinama ng'ambo ya barabara, anazoa tope kutoka shimoni kwa kata, na kila mara anainua macho kunitazama. Ningekunywaje sumu mbele yake?

Mwishowe akaacha kuzoa, akaingia ndani. Akatoka na kile kibuyu.

"Pole na kazi, mwanangu. Kumbe na wewe huna maji."

Ukweli ulikuwa mdomoni. Maneno matatu tu, ningeyasema yakaisha, kisha ningemjazia mitungi yote ya nyumba ile. Nikayameza. Nikapokea kibuyu kwa mikono miwili, kwa adabu zote nilizofunzwa kwetu, nikanywa. Kiu ilikuwa kali. Nilipokuja kujizuia nilikuwa nimefika chini. Ndani ya nyumba kichanga kilikuwa kinalia.

Mama akakipokea kibuyu, akakitikisa kidogo sikioni. Akaniuliza kama yamenitosha.

Nikamwambia yamenitosha.