Aliyekimbia na Semeni

Mama mdogo Semeni akianza kusimulia mbio zile hucheka mpaka anajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Kwake siku ile ilikuwa tamu kuliko hata ya harusi yake. Mimi kila nikiisikia mwili hunisisimka, nikasogea karibu na watu.

Mwaka ule ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje ilikuwa imeanza kuleta vitu madukani, lakini zahanati ya mtaani kwetu Nguvumali ilikuwa haijapata habari hiyo. Mzazi alikwenda na wembe wake, uzi wake, na sabuni kama kaipata, akajifungua sakafuni juu ya kanga. Mama yangu, Mwanaima, alinizaa pale chini, akavuja damu, akafa. Semeni, mdogo wake, alikuwa mhudumu palepale. Ndiye aliyepiga deki pahala alipolala dada yake, na ndiye aliyenilea.

Basi Bwana Haroub, mfanyabiashara aliyekuwa ameingiza vitanda kutoka ng'ambo, akatoa ahadi: kwa kila mtu wa mtaa atakayekimbia kutoka Muheza mpaka mlango wa zahanati, yeye atatoa kitanda kimoja kwa ajili ya wazazi. Kamati ikayaita mashindano hayo marathoni. Kama haikutimia marathoni kamili, nani angekwenda kupima?

Semeni hakuwa mkimbiaji. Alivaa raba za kuazima zilizojazwa matambara, suruali ya mumewe na kanga juu yake, watu wakamcheka mpaka wakachoka wenyewe. Yeye kaapa: kitanda kimoja lazima kiwe cha jasho lake.

Walipoondoka Muheza ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya mkonge. Wenzake wakamwacha mapema. Kristofa, mtoto wa wakata mkonge, alipita mbio kama aliyeiba kuku. Semeni akabaki peke yake, mkonge kushoto, mkonge kulia, na hapana hata ndege anayelia. Kabla ya kufika Pongwe miguu ikagoma. Akakaa ukingoni mwa barabara akalia, maana aliona kitanda kinamponyoka.

Hapo ndipo aliposikia vishindo vya miguu mitupu kwenye lami. Vikaja, vikasimama karibu naye. Hakuona mtu. Ila harufu ya karafuu maiti, ile wanayotiwa watu wakishaoshwa kwenda kuzikwa, ilimjaa puani.

"Nikajua n'nani," husema. "Dada hakuwahi kunisubiri pahala hata siku moja. Vishindo vikaanza kwenda zao. Ningefanyaje, nibaki pale peke yangu?"

Akainuka, akavifuata. Anasema walikimbia wakicheka. Yaani yeye akicheka, na ubavuni mwake pumzi ya mtu ikisikika. Wakapita Pongwe hivyo, watu wa njiani wakidhani jua limempanda kichwani. Hakuogopa hata kidogo. Alikuwa na furaha, furaha ya watoto wawili waliotoroka kazi za nyumbani.

Mlangoni pa zahanati alikaa Bi Saleha, mkunga mzee. Yeye hakukubali watu wahesabiwe kwa namba, akisema ni kuwatakia mkosi. Kwa kila mkimbiaji aliyefika alitia kete moja kikapuni. Wa mwisho kufika alikuwa Semeni. Bwana Haroub alipozimwaga zile kete, moja ikazidi.

"Shikamoo bibi, lakini hapa umekosea."

"Marahaba. Sikukosea. Huyu Semeni kaja na mwenziwe, miguu mitupu, kajitanda kanga gubigubi. Kanipita hapa, kaingia ndani. Mwulizeni mwenyewe."

Wakamuuliza.

"Ni Mwanaima," Semeni akajibu, bado anacheka.

Watu wakatawanyika bila kuambiwa. Bwana Haroub alileta kitanda cha ziada siku ileile. Mfanyabiashara anaweza kumpunja mtu hai na akalala usingizi, lakini si maiti.

Kitanda hicho kikakosa wa kukilalia. Kila vitanda vingine vilipojaa, wazazi waliona heri sakafu. Semeni alikuwa akikitandika kila asubuhi, huku akiwatukana waoga kimoyomoyo.

Miaka ikapita, nami nikashikwa na uchungu wangu wa kwanza. Nikaenda moja kwa moja kwenye kitanda kile. Msinisifu kwa ushujaa, maana kilichonipeleka ni wivu. Kwa nini amwendee mdogo wake, mimi mwanawe asinijie? Nikalala, nikatega sikio mchana kutwa. Hapakuja kitu. Nikalia kwa hasira, nikamwambia Semeni kwamba mama hanitaki.

Akaniinua taratibu, akaniegemeza kwenye mto.

"We Asmaa! Mamako hakukimbia njia yote ile aje kukutazama. Kakimbia ili usizalie chini. Haya, sukuma."