Ukuta Uliobeba Paa

Mtaa mzima ulimwita Mama Pima, kwa sababu mshonaji huyo hakuvua futi yake ya kitambaa shingoni hata anapokwenda sokoni. Tangu mama yake apooze miguu, familia haikula tena pamoja. Kiti cha magurudumu kiligoma kukata kona ya korido, basi bibi huyo alipelekewa sahani chumbani, na vicheko vya wajukuu sebuleni akavisikia kupitia ukutani.

"Huu ukuta tunauangusha leo," kaka yake alisema, nyundo begani. "Mama atoke chumbani aingie sebuleni moja kwa moja."

"Umejuaje kama haujabeba kitu?"

"Dada, ukuta ni ukuta."

"Weka nyundo chini, kaka. Mama yumo humu ndani."

Kaka alicheka, lakini aliiweka. Mama Pima aliegemeza ngazi, akafunga kanga kiunoni vizuri, akajipenyeza kwenye tundu la dari na tochi. Joto la bati lilimpiga usoni, na vumbi likamkaba koo. Alitambaa juu ya mbao, goti baada ya goti, mpaka akafika juu ya ukuta ule. Hapo alimulika tochi. Mbao za pande zote mbili za paa zilikuja kukutania pale pale, na ncha zake zimelala juu ya matofali.

"Kaka!" aliita kutoka juu. "Ungetuangushia paa mezani!"

Kaka aliisukuma nyundo kando kwa mguu. Alikuwa ameshika ngazi kwa mikono miwili.

Mwingine angeshuka akaoge. Yeye aligeuka, akatambaa kuelekea stoo iliyopakana na chumba cha mama, ambayo mlango wake mpana ulitazama sebuleni. Ukuta kati ya stoo na chumba hicho ulikuwa mwembamba, umeishia chini ya mbao bila kuzigusa. Alipitisha futi yake katika ule uwazi, ikateleza kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukwama popote.

Hata hivyo hakutaka kujiamini peke yake. Alimwita fundi mwashi, naye akapanda, akagonga, akachungulia, akashuka akijipangusa.

"Ule wa sebuleni unabeba. Kuutoboa ni mpaka tuweke nguzo na boriti kwanza. Huu wa stoo umegawa vyumba tu. Uvunjeni, ila taratibu, kuanzia juu."

Mama alihamishiwa kwa jirani. Kaka na fundi walivunja, Mama Pima akazoa vifusi mpaka kiuno kikakataa kunyooka, na hakukubali kupumzika kabla sakafu haijasawazishwa.

Jioni bibi alirudi, akasukuma magurudumu mwenyewe, akapita stoo, akatokea sebuleni. Wajukuu walisimama. Aliwaangalia mmoja mmoja, akasogeza kiti chake hadi mezani.

"Kumbe mnakula huku mnatazama televisheni?" alisema. "Zimeni hiyo."

Mama Pima aliizima mwenyewe, akaficha machozi kwa kupakua.