Maini ya Ng'ombe Aliye Hai

Watu wanalipa kiingilio wakaone mwanamume akimvuruga mkewe akili. Mimi wangu nilikuwaga naye ndani, bure.

Nilitoka hospitali Musoma, malaria ilikuwa imenipanda kichwani. Kufika nyumbani Bunda, ng'ombe wangu mwekundu, niliyepewa na mama, hayupo.

"Alikufa kwa ndigana kabla hujaenda Musoma," mume wangu akasema. "Si tulimla? Maini ulikula wewe."

"Ukaongeza na chumvi, wifi," dada yake akadakia.

Hao wawili ndio wabaya wangu, siwafichi. Nikibisha, mume ananiambia, "Mama watoto, kichwa hicho bado." Nikaanza kukubali. Mbaya zaidi, nikaanza kuyakumbuka hayo maini, mpaka chumvi yake.

Mchana mmoja nikaingia banda la video kukwepa mvua. Filamu ya Kizungu: mke kapoteza kumbukumbu, mume anamnywesha vidonge na kumwambia yeye ni nani. Dijei anatafsiri, na Kizungu chenyewe hajui, anabuni tu. "Huyu mama kichaa, jamani! Kamuua jirani! Mume ana moyo huyu!" Banda zima linamhurumia mume. Ila mimi nilimwona akisukumiza kisu chenye damu kwenye mkoba wa mkewe.

"We dijei, muongo! Kisu kaweka yeye!"

"Mama, nani anatafsiri hapa?"

"Tafsiri ya nini? Nina macho!"

Wakanicheka. Nikatoka, nikalowa.

Kesho yake nikaenda Mugeta kwa huyo wifi, nikaone kwa macho yangu. Kwenye zizi nikaita, ule mwito wangu wa kukamulia. Kwetu kila mwanamke ana wake, na ng'ombe anamjua mwenye mwito. Mwekundu wangu akapenya katikati ya wenzake, akaja kunilamba mkono.

"Ng'ombe wanafanana, wifi," akasema dada wa mume wangu, uso mkavu.

"Haya, mwite wewe."

Akaita. Ng'ombe hakugeuza hata sikio.

Nikamfungua, nikamswaga kuelekea Butiama kwa mama. Majirani wakauliza naenda wapi naye.

"Huyu alikufa, tukamla, sasa kafufuka. Muulizeni wifi, alikuwepo msibani."

Baadaye mume wangu akaja Butiama kuniomba nirudi. Alibembeleza sana, mpaka mama akaanza kumwonea huruma. Mimi maneno yake sikuyasikiliza. Nilimtazama mikono tu, na mmoja ulikuwa umeshashika kamba ya ng'ombe.